Pimbi Alivyomsaidia Kiboko Kuongea na Nchi Nzima

Paukwa!

— Pakawa!

Nitoe au nifiche?

— Toa!

Ya kweli au ya uongo?

— Yoyote, mradi tamu!

Haya, sogeeni. Na yule anayetafuna muwa pale nyuma ameze kwanza, maana mimi sirudii.

Hapo kale wanyama walikuwa na simu za upepo. Msiniulize walizipata wapi. Simu ya upepo ni kisanduku na waya mrefu unaopandishwa juu. Unakaa kwako, unasema, na mwenzako aliye mbali, ng'ambo ya milima saba, anakusikia kwake. Hawakuzitumia kwa biashara wala kwa kutangaziana misiba. Waliongea kwa raha zao tu, na mara moja kwa mwaka wakashindana.

Mashindano yalikuwa hivi. Jua likichomoza mnaanza, likitua mnaacha. Unaita. Unaitikiwa. Unataja namba, unatajiwa namba. Mnaandika, wewe kwenye daftari lako, yeye kwenye lake. Namba yenyewe ni ya mazungumzo: kama wewe ni wa tano kuongea naye siku hiyo, anakutajia tano. Basi, unamwacha, unamtafuta mwingine. Uliyekwisha kuongea naye hahesabiwi mara ya pili. Atakayeongea na wengi kuliko wote anapewa kilima cha Mchongoma mwaka mzima apandishe waya wake pale juu, kwa sababu sauti ikitoka kilimani hufika mbali.

Sasa kilimani pale alikuwa akiishi Pimbi. Mnamjua Pimbi? Mdogo, mnene, hana mkia, na muda wote anaonekana kama ametoka kuamshwa. Aliishi kwenye nyufa za majabali na watoto watatu na mama mkwe. Huyu mama mkwe alikuwa na sauti ya kupasua mbao, na tangu ahamie pale hakuwahi kupewa kazi inayoifaa.

Miaka yote mshindi alikuwa Korongo. Korongo akipewa kilima husimama kileleni kwa mguu mmoja, anaongea mambo yake, na akina Pimbi huko chini yake wanaendelea kupika. Hakuna aliyemsumbua mwenzake. Lakini mwaka huo Kiboko naye akanunua mtambo.

Si mtambo wa kubebwa kwapani. Nyati wanne waliukokota siku nne, na majani ya posho yao akayala Kiboko mwenyewe. Aliuweka ukingoni mwa mto, chini ya kilima, na jenereta lake akaliweka kando ya sikio ili asipate tabu ya kunyanyuka kulizima.

Mwamuzi alikuwa Kobe. Siku ya mkutano Kobe alisoma sheria zote kwa mwendo wake ule, na ya mwisho ilikuwa hii: daftari moja si ushahidi, atayalinganisha yote. Ukiandika kwamba umeongea na fulani, na kwenye daftari la fulani wewe haumo, anafuta hayo mazungumzo, na juu yake anakukata mengine. Wote walisikia isipokuwa Kiboko, kwa sababu alikuwa akiongea. Alikuwa akiwaeleza jirani zake atakachofanya akishinda. Atavunja majabali yote ya Mchongoma, achimbe bwawa pale kileleni, akae humo majini na simu yake. Swala akamwuliza, na Pimbi je? Kiboko akasema mwili wa Pimbi ni mdogo, hauwezi kukosa pa kuuweka.

Pimbi alirudi nyumbani. Pimbi si panya, hachimbi shimo. Akikosa ufa wa jabali, hana pengine. Tai anamchukua yeye leo, na wanawe kesho. Usiku ule aliwahesabu watoto wake mara mbili, na wote walikuwepo, na bado hakupata usingizi.

Siku ikafika. Jua likachomoza. Kiboko akawasha jenereta, duru duru duru duru, akashika simu.

"Hapa Kiboko! Hapa Kiboko! Nani ananisikia?"

Nani asingemsikia? Nchi nzima ilimsikia. Kongoni alimsikia, akamwitikia. Mbuni alimsikia, akamwitikia. Nyegere, ambaye hana desturi ya kumwitikia mtu, naye aliitikia. Kiboko akatega sikio, na sikioni mwake mkawa na duru duru duru duru. Akaita tena. Akaitikiwa. Hakusikia. Akaita tena.

Na kule kilimani Pimbi alikuwa na kasimu kake ka betri nne za tochi. "Hapa Pimbi," alisema. "Hapa Pimbi." Kila aliposema Pimbi, Kiboko alikuwa juu yake anasema Kiboko, na sauti ya Pimbi ikapotea kama chumvi baharini. Jua lilipofika utosini, Pimbi alikuwa ameongea na wanyama kumi na mmoja. Korongo, ishirini na tisa. Kiboko, hakuna.

Pimbi akaketi akaangalia lile daftari lake. Akaangalia watoto. Kisha akaweka simu chini, akateremka mtoni, na wakati wa mashindano unapotea hivyo hivyo.

Jenereta lilikuwa likinguruma kiasi kwamba ilimbidi ampande Kiboko begani ndipo amwamkie.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuniona, Pimbi? Wamenisusa. Tangu asubuhi naita, hata mmoja hajaniitikia. Nchi nzima ina wivu."

Pimbi akachungulia daftari la Kiboko. Lilikuwa tupu, isipokuwa jina la Kiboko pale juu, limeandikwa kwa herufi kubwa. Akaliangalia jenereta. Akaliangalia sikio, dogo kama kifungo cha shati, na kati ya sikio na jenereta hapakupita hata shubiri moja. Huruma ikamwingia. Ni kweli, msinicheke, ilimwingia. Alikuwa anafungua mdomo amwambie asogeze jenereta, basi, mambo yaishe, lakini Kiboko akamtangulia.

"Hivi yale majabali yenu yamekwenda chini kiasi gani? Nataka bwawa linifike shingoni."

Pimbi akameza neno lake. Hasira zilimpanda mpaka akasikia masikio yanawaka, ila usoni alibaki vilevile, kama aliyetoka kuamshwa.

"Yamekwenda chini sana, mzee. Utakaa vizuri. Ila kwanza ushinde."

Akamweleza kwamba hajasuswa na mtu. Yeye kule juu anawasikia wote wanavyomwitikia, Kongoni, Mbuni, hata Nyegere. Wanaitikia pale pale anapoitia Kiboko, sauti zinakanyagana, na kwake haifiki hata moja. Kwa hiyo kila akiita awaambie wasogeze mshale wa simu, ule wa kutafutia sauti, kulia kidogo, waitikie huko. Pimbi atawasikiliza kutoka kilimani, na mama mkwe wake atasimama ukingoni mwa jabali amtajie Kiboko kila anayemwitikia. Mama mkwe huyo hashindwi na jenereta.

Kiboko akafikiri, na kufikiri kwake kulionekana kwenye maji. "Na namba zao je?"

"Namba, mzee, hutajwa na mwenyewe, ukisikilizana naye."

"Ah, nitaandika yoyote. Nani atajua?"

Pimbi alikuwa ameulizwa nani atajua, na jina la Kobe lilimkaa mdomoni, akateremka nalo begani, akapanda nalo kilima.

Basi alasiri ikaanza. Kiboko anaita kwa mtambo wake wote: "Hapa Kiboko! Sogezeni mshale kulia kidogo, mniitikie huko!" Nchi nzima inasogeza mshale kulia kidogo. Na kulia kidogo, mbali na zile kelele, pametulia, na aliyepo pale ni Pimbi na betri zake nne.

"Kongoni hapa, namwitikia Kiboko."

"Nimekusikia, ndugu yangu, ila Kiboko hakusikii. Hapa ni Pimbi, kilimani Mchongoma. Ukipenda, ongea na mimi."

Kongoni akapenda. Alikuwa ameitikia tangu asubuhi bila kusikika, angekataaje? Wakatajiana namba. Wakaandika. Na kule ukingoni mama mkwe akavuta pumzi.

"Kongoniiiii anakuita!"

Kiboko akaandika: Kongoni.

Akaita tena. Mbuni akaja kulia. Pimbi akamwambia ukweli ule ule. Wakatajiana namba, wakaandika, na mama mkwe akavuta pumzi.

"Mbuniiiii anakuita!"

Kiboko akaandika: Mbuni.

Swala alikuja na wasiwasi wake, akauliza kama si utovu wa adabu kuitwa na mkubwa halafu ukaongea na mdogo. Pimbi akamwambia aendelee kumwitikia mkubwa kadiri ya adabu yake, hakuna anayemzuia, na akichoka yeye yupo. Swala alimwitikia mkubwa mara sita. Kisha akachoka.

Kiboko anaita. Nchi inasogea. Pimbi anaongea. Mama mkwe anapaza. Kiboko anaandika. Hivyo hivyo mpaka jua likatua, na mama mkwe alikuwa ndiyo kwanza sauti inamfunguka. Na katika yote hayo Pimbi hakumdanganya mtu hata kwa neno moja. Mlishike hilo, litawafaa baadaye mkiulizwa na wakubwa.

Madaftari yakapelekwa kwa Kobe. Kobe hakupenda kuharakishwa. Kazi ilimchukua siku mbili, na siku zote mbili Kiboko alikaa mlangoni pake akingoja hongera. Nyati walishaletwa na sururu za kuvunjia majabali. Pimbi alikaa nyuma kabisa na watoto wake watatu kifuani, kwa sababu hesabu unaweza kuipiga vizuri na bado mkubwa akapewa.

Siku ya tatu Kobe akatoka.

"Kiboko ameandika mazungumzo themanini na sita," akasema. Kiboko akatabasamu, wote wakajua urefu wa meno yake. "La kwanza, Kongoni. Kongoni, kwenye daftari lako Kiboko yumo?"

"Hayumo. Yumo Pimbi."

"La pili, Mbuni. Mbuni, kwako Kiboko yumo?"

"Hayumo. Yumo Pimbi."

"La tatu, Nyegere."

"Hayumo," akasema Nyegere, na hakuongeza neno.

Akawauliza wote themanini na sita, kwa sababu ni Kobe. Mwishoni akasema yote yamefutwa, na kwa kila la uongo anakatwa jingine, na kwa kuwa hana la kukatwa, basi yuko chini ya sifuri kwa themanini na sita. Korongo ana hamsini na mbili. Pimbi ana tisini na saba, na yote yamo kwa wenzake, namba kwa namba.

Kiboko akasimama, na ardhi ikajua amesimama.

"Mimi nimesikika nchi nzima!"

"Ni kweli," akasema Kobe. "Hakuna aliyekana. Na wewe ulimsikia nani?"

Kiboko akafikiri. Alifikiri kwa haki kabisa, akirudi nyuma mpaka alfajiri ya siku ile.

"Nilimsikia mama mkwe wa Pimbi," akasema.

Kobe akapekua madaftari. Mama mkwe hakuwa na daftari. Kwa hiyo na hilo halikuhesabiwa.

Kilima kikabaki kwa Pimbi. Alikipanda na watoto wake, akawaingiza kwenye ufa wao ule ule, akawahesabu mara moja tu, akalala mchana kutwa. Nyati wakarudi na sururu zao, na safari hii majani yao wakala wenyewe.

Na Kiboko? Kiboko aliporudi mtoni aliwaambia wote kwamba Kobe amemwonea, Kongoni ana wivu, Mbuni hajui kuandika, na katika nchi nzima aliyemtendea wema ni mmoja tu. Mwaka uliofuata, kabla hata ya mkutano, alimpelekea Pimbi kapu la majani ya mtoni, mabichi, na salamu nyingi, akiomba asaidiwe tena vilevile. Na mama mkwe naye aje, tafadhali, maana hapati mwingine wa kumsikia vizuri namna ile.

Pimbi akapokea kapu, akajibu kwamba watakuja.

Mafunzo ya hadithi hii, wanangu, ni kwamba wema hauozi. Jirani yako mkubwa akiwa na shida, usimwonee choyo: acha kazi yako, teremka kilima, umsaidie kwa moyo mmoja, kama Pimbi alivyomsaidia Kiboko.

Nimeitua hapo. Anayeipenda aibebe, anayeitilia shaka akamwulize Kobe, na akienda aende na chakula cha siku mbili.