Brashi za Tumboni mwa Kigari

Ndugu zangu, leo nitawasumbua kidogo. Kulikuwa na mzee mmoja mstaafu, mtu nadhifu kupita kiasi. Baba yao aliwaachia yeye na kaka yake mchezo wa vigari vya umeme. Msicheke. Walikuwa watu wazima wenye wajukuu, na bado wakishindana mpaka wananuniana.

Mchezo wenyewe uko hivi. Njia ni ubao mweusi wenye mifereji miwili, kila kigari na mfereji wake. Kandokando ya mfereji kuna vipande vya chuma vinavyopitisha umeme. Tumboni mwa kigari kuna brashi mbili, nyuzi laini za shaba zilizosukwa, zinazoburuta juu ya kile chuma. Brashi zikigusa, unabonyeza kishikio cha mkononi kwa kidole na kigari kinakimbia. Zisipogusa, hata ulete umeme wa mkoa mzima, hakitikisiki.

Basi huyu mzee, ambaye ni mdogo mtu, ndiye aliyekaa na mchezo. Nyumba yake ilikuwa karibu na bahari, na hewa ya chumvi inakula chuma, kwa hiyo akaogopa kutu. Kila mwisho wa mwezi alifunua kitambaa, akapaka mafuta ya cherehani kwenye vyuma na kwenye brashi, akafunika tena. Kaka yake alipopita Jumapili kuuliza kama watacheza hata mzunguko mmoja, alijibiwa kwamba brashi zitalika, na siku hizi hazipatikani. Jumapili nyingine jibu lilikuwa lilelile. Kaka mtu akaacha kuuliza, kisha akaacha kupita.

Mwaka wa tisa zikaja habari kwamba kaka yake yu kitandani, ugonjwa umemmaliza, na ameomba kitu kimoja tu: aletewe ule mchezo.

Mdogo mtu aliubeba siku ileile, akaupanga kando ya kitanda, akachomeka waya. Akabonyeza. Kimya. Akalaumu soketi, akabadilisha waya, akasema umeme wa nyumba hii ni mdogo. Jasho lilimtoka, na aibu juu yake. Kaka yake akasema polepole:

"Mdogo wangu, kigeuze."

Akakigeuza kigari. Mafuta ya miaka tisa yalikuwa yamenasa vumbi na kuganda kwenye zile nyuzi, zikawa nyeusi na ngumu.

"Lakini kaka, sikuacha kuvitunza hata mwezi mmoja."

"Najua. Ungevikimbiza tu. Brashi zinajisafisha zenyewe kwa kukimbia."

Mdogo mtu akaomba spiriti na kitambaa. Alifuta vyuma vyote, akazichambua nyuzi moja moja kwa sindano, akazilaza vizuri. Ilimchukua saa nzima, na saa nzima hiyo alisikia jinsi kaka yake anavyohema. Alipojaribu kigari chake, kikaondoka kama kimefukuzwa. Alifurahi mpaka akalia. Akaweka cha kaka yake kwenye mfereji wa pili, akampa kishikio mkononi, akahesabu moja, mbili, tatu.

Kigari kimoja kikazunguka. Cha kaka kikabaki palepale. Akakigeuza tena, akafuta tena, akakirudisha. Bado. Ndipo alipouangalia mkono wa kaka yake. Kidole kilikuwa juu ya kishikio, kinatetemeka, hakina nguvu ya kubonyeza.

Brashi zilikuwa safi, wapendwa. Umeme ulikuwepo.

Sasa niambieni, sisi tuna tofauti gani naye? Tunataja majina ya ndugu zetu kwenye maombi kila asubuhi, na hatujavuka barabara kuwaona. Tuna namba zao, hatupigi. Tukiulizwa tunasema hatutaki kuwasumbua, tunasubiri nafasi nzuri, tunalinda heshima. Huo undugu tunaupaka mafuta na kuufunika, halafu tunauita kuutunza. Mungu alikuzuia lini? Ni nani aliyekufungia mlango?

Sitawaambia yule mzee alifanya nini baada ya pale, kwa sababu hapakuwa na la kufanya. Alikaa tu, ameshika mkono wa kaka yake aliouchelewa.

Lakini wewe uliyeinamisha kichwa hapo katikati, jina la mtu wako limeshakujia. Ibada ikiisha, usipite kwako kwanza.