Mtani wa Kaa na Mkunga

Hapo zamani za kale, wakati kila jiwe la pwani lilikuwa na bawabu wake, aliishi mnyoo wa baharini aitwaye Singa. Alikuwa mwembamba, mwekundu, mwili wake pingili baada ya pingili, na kila pingili ilikuwa na kijiguu chenye kishungi cha vinyweleo kulia na kushoto. Ukivigusa vinawasha kama upupu, kwa hiyo usiviguse.

Singa alitambaa mchangani chini ya mawe, kwaru kwaru, akitafuta makombo. Adui yake mkubwa lilikuwa jua. Maji yakipwa, lazima awe chini ya jiwe lenye unyevu. Akilikosa, atakauka kama ganda la muwa.

Mwaka mmoja ikaja tufani. Mawimbi yakayabingirisha mawe yote, gwaa, mpaka maji ya kina, likabaki moja tu, pana kama paa la nyumba. Chini yake palikuwa na dimbwi lisilokauka, na milango miwili. Mlango wa mashariki aliushika Kaa, Mzee Gamba. Mlango wa magharibi aliushika Mkunga, samaki mrefu kama nyoka, Bwana Utelezi. Walipiga mstari katikati ya dimbwi, kila mmoja abaki kwake, maana Mkunga humpenda sana kaa, na hampendi kwa mazungumzo.

Siku ya bamvua, bahari inapokupwa kuliko siku zote, maji yakaanza kupwa kwa kasi. Singa akatambaa hadi mashariki.

"Hodi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Ukoo gani?"

"Wa hapa hapa, mzee."

"Hapa hapa si ukoo. Kwangu wanaingia wenye miguu. Unayo mingapi?"

"Hesabu mwenyewe."

Mzee Gamba akahesabu kwa ncha ya gando lake, tik, tik, tik. Alipofika katikati, Singa alishindwa kutulia, akajipinda, hesabu ikapotea. Akaanza upya. Ikapotea tena.

"Miguu gani hii isiyo na viungo wala adabu?" akasema. "Wewe ni ndugu wa nyungunyungu, yule wa shambani. Nenda kwa ndugu yako."

"Ni ndugu yangu, sikatai. Lakini yeye ukimleta huku chumvi itamuua, na mimi ukinipeleka shambani nitakufa kabla hatujasalimiana. Ukoo mmoja, mzee, nyumba mbalimbali."

"Nimeuliza ukoo. Sijauliza nyumba."

Gando likaziba mlango, kap.

Singa hakumlaani. Bawabu naye ana hofu zake. Akazunguka upande wa magharibi, na mchanga chini ya tumbo lake ulikuwa umeshaanza kupata moto.

"Hodi, Bwana Utelezi."

"Una mapezi?"

"Sina."

"Uti wa mgongo?"

"Hata huo sina."

"Sasa dada, una nini?"

"Nina haraka."

Mkunga akacheka mpaka maji yakatikisika. "Maneno unayo. Lakini huku ni kwa samaki. Wenye vijiguu waende kwa Kaa."

"Nimetoka huko."

"Basi umeshaijua njia."

Singa akaenda, akarudi, akaenda tena. Maji yalibaki utando tu. Wote wawili, aliwaza, wameniuliza nisichofanana nao. Je, mimi nikiwaonyesha tunachofanana?

Akarudi mashariki. Safari hii hakupiga hodi.

"We mnene, sogea. Unaziba hewa."

Mzee Gamba akatoa macho. "Umesemaje?"

"Nimesema sogea, mtani. Au na masikio yamekatika kama gando?"

Ni kweli, gando lake la kushoto lilikuwa dogo kuliko la kulia. Lilivunjika, likaota upya, bado halijakua.

"Mtani tangu lini?"

"Tangu babu zetu. Walipigana vita. Wako alikatika gando, wangu akakatika mkia. Wakakaa wakingoja, gando likaota, mkia ukaota. Wakatazamana, wakacheka, wakaapa: watoto wetu wataniane, wasikasirikiane, wala wasinyimane mlango. Hukuambiwa kwenu?"

Akageuza mkia. Mwishoni palikuwa na pingili changa, nyeupe, zinaota.

Mzee Gamba akaliangalia gando lake. Kwao, kumkana mtani ni aibu, na kutomjua ni aibu zaidi.

"Niliambiwa," akadanganya. "Nilikuwa nakupima tu."

Singa akaingia, chubwi. Kwa furaha ya ubaridi akapitiliza, akavuka mstari, akakutana na pua ya Mkunga.

"Wewe! Nani kakuruhusu?"

Singa akafungua kinywa. Kutoka kooni, fyuu, zikachomoka taya mbili nyeusi, zikarudi ndani.

"Onyesha na zako, mtani mdomo mrefu."

Mkunga, kama hamkujua, ana taya nyingine kooni, nyuma ya zile za mbele. Akaziangalia za Singa, akaduwaa.

"Mtani?"

"Babu zetu walipigana kwa taya hizo hizo mpaka wakachoka, wakapatana. Au kwenu hamsimuliani?"

"Babu alilitaja jambo kama hilo," akasema Mkunga, ambaye hakuwahi kumwona babu yake.

Sauti ikatoka mashariki. "Bwana Utelezi, mbona unaongea na mtani wangu?"

"Mtani wako? Huyu ni wangu."

"Wewe kakuambia nini?" akauliza Kaa.

"Babu zetu walipigana."

"Na wangu pia. Huyo babu alipigana na kila mtu?"

"Alikuwa mkorofi," akasema Singa. "Tumsamehe, keshakufa."

"Ametudanganya," akanguruma Mkunga. "Mtoe nje, mzee. Wewe una magando."

Singa alikuwa amejilaza juu ya mstari wenyewe, vinyweleo vimesimama. Mzee Gamba akapiga hatua moja, akaliona jicho la Mkunga, akasimama.

"Mtoe wewe. Yuko karibu na mdomo wako."

Mkunga akanyoosha shingo, akaliona gando kubwa likifunguka taratibu. Akairudisha.

"Vuka tu, mzee. Sitakugusa."

"Najua," akasema Mzee Gamba, na hakusogea.

"Mimi naangalia pembeni kabisa."

"Angalia tu. Mimi niko sawa hapa."

"Semeni polepole, watani," akasema Singa. "Wengine tumeamka mapema."

Nje jua la utosi lilichoma mchanga mpaka ukawa mweupe. Ndani, wakubwa walikaa macho mchana kutwa wakilindana, na Singa akalala katikati yao, mbichi, mpaka maji yalipojaa.

Wakubwa wasioaminiana humwachia mdogo nafasi katikati.