Makofi Aliyopigiwa Mzee Semkiwa

Hapo zamani, katika mji wa Tanga, watu wanne walikuwa wamekaa nyuma ya jukwaa, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Alikuwapo Mwalimu Godfrey Kiondo, Mbondei, mwongozaji wa okestra. Alikuwapo Bwana Gervas Kapaya, Mnyamwezi, mpiga fidla. Alikuwapo Bi Mwanakombo binti Shehe, mwimbaji. Na alikuwapo Bi Fatu Makata, ambaye hakujua kupiga chombo chochote. Yeye alikuwa msikilizaji wa kiti cha mbele.

Mzee Rashidi Semkiwa, Mzigua, mpiga filimbi, hakuwapo. Gari la wagonjwa lilikuwa limemchukua muda si mrefu uliopita.

Mwalimu Kiondo alitazama mikono yake.

Kazi ya mwongozaji ina jambo moja la ajabu: huwapa mgongo watu waliokuja kumsikiliza. Kwa miaka mingi Mwalimu Kiondo aliwajua wasikilizaji wa Tanga kwa mgongo wake tu. Alisikia vikohozi, alisikia viti vikilia, alisikia mtoto akibembelezwa. Wimbo ukiisha, kimya. Watu walikaa kama waliokuja kusomewa hukumu, kisha wakaenda zao. Jambo hilo lilimuuma sana. Wapiga vyombo walimwambia, "Mwalimu, hawa hawatupendi." Yeye alijibu, "Wanatupenda. Hawajui tu waonyeshe lini."

Basi akawafundisha. Kabla ya kila onyesho alisimama mbele yao akasema, "Mpigaji akimaliza sehemu yake atainamisha kichwa. Hapo mpigieni makofi. Nami nikiwageukia, imbeni kiitikio pamoja nasi." Watu wakajifunza. Tena wakaongeza desturi yao wenyewe ya harusini: kiitikio hakikatwi maadamu kuna mtu amesimama. Mwalimu Kiondo akaikubali desturi hiyo, akaifanya sheria ya ukumbi.

Jumapili ile alasiri ukumbi ulijaa. Wimbo ulikuwa mpya, na ulitungwa hivi: Bi Mwanakombo anaimba, ukumbi unaitikia, kisha filimbi inajibu peke yake, kwa pumzi moja ndefu.

Kabla hawajapanda jukwaani, Mzee Semkiwa alimgeukia Kapaya. "Mnyamwezi, kifua kimenibana. Leo utanizika."

"Jembe liko tayari," Kapaya akajibu. "Ila usife kabla ya kiitikio, Mzigua wewe. Mimi sitapiga sehemu yako."

"Hata ukitaka huwezi. Mdomo wako ni wa kulia ugali tu."

Wakacheka wote wawili. Mnyamwezi na Mzigua ni watani, na watani kutakiana kifo ni salamu yao ya kila siku.

Wimbo ukaanza. Kiitikio cha kwanza kilipokwisha, filimbi ilijibu vizuri hata wazee wakafumba macho. Bi Fatu Makata akasimama kiti cha mbele, akasema, "Tena." Ukumbi wote ukasimama nyuma yake. Mwalimu Kiondo akawageukia watu, okestra akaipa mgongo. Wakaitikia, filimbi ikajibu. Bi Fatu akasema, "Tena." Wakaitikia, filimbi ikajibu, safari hii kwa ufupi. Bi Fatu akasema, "Tena." Wakaitikia, filimbi ikajibu kwa sauti nyembamba kama ya birika linaloanza kuchemka.

Kisha Mzee Semkiwa akainamisha kichwa.

Ukumbi ukafanya kama ulivyofundishwa. Watu wakapiga makofi, wakapiga vigelegele, wakarusha leso. Mwalimu Kiondo, uso wake kwa watu, akainua mikono juu ili makofi yazidi. Yakazidi. Katika maisha yake ya kazi hakupata kuwa na furaha kama ile. Alisema moyoni, "Sasa wamejua." Makofi yaliendelea mpaka aliposikia fidla ya Kapaya ikianguka sakafuni. Akageuka, akaona Mzee Semkiwa ameanguka na Kapaya amemshika.

Na sasa walikuwa nyuma ya jukwaa. Bi Hidaya, mkewe Mzee Semkiwa, alikuwa nyumbani Ngamiani na hakujua kitu. Alibaki nyumbani kwa hasira, kwa sababu alimkataza mumewe kupiga siku ile, naye hakumsikia.

"Habari hii haitumwi mtoto wala jirani," alisema Bi Mwanakombo. "Aende aliyemfikisha mzee pale. Aende peke yake, na aseme kwa kinywa chake alilofanya."

"Basi nitakwenda mimi," alisema Mwalimu Kiondo. "Niliwageuzia mgongo watu wangu. Mwongozaji asiyemwona mpigaji wake anaongoza nini? Tena ni mimi niliyewafundisha watu kushangilia kichwa kilichoinama."

"Mwalimu, wewe hukuona," alisema Bi Mwanakombo. "Mimi niliona. Nilimwona akifuta jasho kwa mkono wa kanzu, midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Ningenyamaza, kiitikio kingekatika. Lakini ukumbi ulikuwa unaniimbia mimi, na ilikuwa tamu. Nikaanza tena."

"Wewe uliona jasho," alisema Kapaya. "Mimi niliambiwa. Aliniambia kwa kinywa chake, nami nikamjibu habari za jembe."

"Ule ulikuwa utani, kaka," alisema Bi Mwanakombo.

"Mwaka mzima ulikuwa utani. Leo alinishika mkono aliposema. Hajawahi kunishika mkono. Nikaona haya kumuuliza, nisije nikachekwa na Mzigua."

Bi Fatu Makata alikuwa akivuta ncha ya khanga yake. "Ninyi nyote mlikuwa kazini," alisema. "Mimi nani aliniajiri? Ningekaa kitako, wote wangekaa. Miguu iliniuma tangu kiitikio cha pili. Nilisimama ili nionekane kuwa mimi ndiye ninayejua muziki."

"Na mzee mwenyewe?" aliuliza Kapaya. "Mkewe alimkataza. Angeweza kuiweka filimbi chini."

"Mzee hayupo hapa kujibu," alisema Mwalimu Kiondo. "Tujijibie sisi."

Bi Mwanakombo alisema tena, "Mimi niliona." Kapaya akasema, "Mimi niliambiwa." Bi Fatu akasema, "Mimi nilisimama." Mwalimu Kiondo akasema, "Mimi niligeuka." Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Bwana Bakari Mng'ato, mpiga ngoma, aliyefuatana na gari la wagonjwa. Alivua kofia yake.

"Mzee Rashidi Semkiwa amefariki," alisema. "Hospitali wanauliza kama mkewe ameshaambiwa."

Wote wanne wakainuka kwa pamoja, na mlango ule ulikuwa wa kupita mtu mmoja.

Nanyi mliosikiliza, msiniulize mimi. Semeni ninyi: je, nani alistahili kwenda kwa Bi Hidaya?