Mienge Mlangoni kwa Mihayo

Alama kwanza, mwenge baadaye. Jana mmeisikia methali hii kwenye mkutano wa kampeni, leo mnaniuliza imetoka wapi. Imetoka mlangoni kwa baba yangu, wajukuu zangu, siku tuliyokaribia kufa wote. Kaeni. Na wewe Nkamba, weka hiyo simu.

Huku kwetu misituni tunaishi kwa asali, na kila mzinga una alama ya mwenyewe iliyochongwa ubavuni. Mrinaji wa asali akifika mtini huitafuta alama kwanza. Akishajua mzinga ni wake, ndipo anapowasha mwenge wa kuwafukiza nyuki. Kuwasha kabla ya kutazama ni aibu kubwa, kwani nyuki wakishafukizwa na mzinga si wako, utamwambia nini mwenye mzinga?

Mwaka ule baba yangu, Mihayo, aligombea uenyekiti wa kijiji. Mpinzani wake alikuwa Malale, mtu wa maneno mengi. Mizinga kadhaa ilikuwa imekutwa mitupu na watu walikuwa na hasira. Siku ya mkutano Malale akasimama akauliza, "Asali yenu kaila nani? Si huyu anayewaomba kura?" Hakutaja shahidi, hakuonyesha kitu. Watu wakashangilia. Mmoja akapaza sauti, "Lisemwalo lipo!" Baba alipoinuka kujibu, wakamzomea mpaka akaketi.

Alasiri ya siku hiyo tukiwa nyumbani tukasikia kelele. Nilichungulia dirishani. Njia nzima ilikuwa watu, wameshika mienge ile ile ya kurinia, inawaka, na nyumba yetu ilikuwa ya nyasi. Mdogo wangu akajikojolea. Baba akataka kutoka, mama akamvuta shati.

"Wakikuona wewe tu, tumekwisha. Niache mimi."

Mama yangu, Kalunde, alikuwa mwoga hata wa radi. Alifungua mlango huku anatetemeka, nikadhani ataanguka pale pale kizingitini.

"Jirani zangu," akasema, "mmekuja kurina nini hapa?"

"Tumemfuata mwizi!"

"Haya. Naona mwenge umeshawaka. Na alama mmeiona? Ni mzinga upi? Wa nani? Nani alimwona akiurina?"

"Kila mtu anajua!" Malale akajibu kutoka nyuma.

"Huyo kila mtu ni mtoto wa nani? Aje mbele nimwone."

Hakuja mtu. Mama akamgeukia jirani yetu, Maganga, ambaye mwenge wake ulikuwa karibu kabisa na paa. "Maganga, wewe umeona?"

"Mimi... nimesikia mkutanoni, shemeji."

"Kwa nani?"

"Kwa Malale."

"Haya Malale, wewe umeona nini?"

Malale akaanza kurudi nyuma. Nikadhani yameisha. Kumbe! Sauti ikatoka kwenye umati, "Basi mwizi ni yeye, anawasingizia wenzake!" Wakamgeukia wote kwa pamoja, watu wale wale na mienge ile ile. Moto ukashika mkono wa shati lake, akapiga yowe. Nilimchukia sana mtu yule, lakini yowe lile mpaka leo likinijia usingizini naamka.

Mama akapenya katikati yao, akauzima ule moto kwa kanga yake, akasimama mbele ya Malale.

"Na huyu je? Alama yake mmeiona wapi? Maskini nyie, mmeshasahau mara hii! Alama kwanza, mwenge baadaye!"

Sasa hakutetemeka tena, alikuwa amekasirika. Maganga ndiye aliyeanza kuukandamiza mwenge wake mchangani, na wengine wakafuata mmoja mmoja. Hakuna aliyetuomba radhi. Na ile asali, sijui ililiwa na nani. Pengine ni mtu, pengine ni nyegere na uroho wake wa asali. Hakuna aliyekwenda kutazama.

Jana mmerudi hapa mkiimba kwamba mgombea fulani ameuza ardhi ya kijiji. Pengine ameuza kweli, mimi sijui. Nimewauliza ni shamba gani, kauziwa nani, mkanicheka: "Bibi naye! Kila mtu anajua." Nimecheka nanyi, lakini nimeikumbuka mienge ile. Mama yangu hayupo tena wa kusimama mlangoni kwa mtu huyo. Mpo ninyi. Alama kwanza, wanangu, mwenge baadaye.