Mawe ya Mzee Ndaki

Mwongo huianza safari kwa mbwembwe, lakini hafiki mbali. Masele wa Sapiwi aliyajua hayo msimu ule wanunuzi binafsi walipoingia kununua pamba.

Baba yake, Mzee Ndaki, alikuwa hoi kitandani, amekonda kama ufito. Ukutani palitundikwa picha kongwe ya wino mweusi: daraja la mawe lenye matao matatu, mto ukipita chini. Padri mmoja aliileta kutoka kwao Ulaya, na vijana wa Sapiwi wakajenga daraja la mto wao wakiiangalia. Ndaki ndiye aliyechonga mawe.

Mnunuzi mmoja aliahidi kwamba lori likija kuchukua pamba, litambeba na mzee hadi hospitali ya Bariadi.

“Mizani imetula miaka yote,” jirani yake Joakim alimwambia Masele akicheka. “Sasa na sisi tuile. Tutie mawe kwenye magunia, uzito uzidi.”

Lakini mbuga ile ni ya udongo mweusi, mawe hayapatikani. Masele akayang'oa kwenye nguzo za daraja, akayafukia ndani ya magunia ya pamba yaliyopangwa kando ya kitanda cha mzee.

Siku moja mzee alipenyeza mkono guniani, ukakaa humo kitambo.

“Masele, jiwe hili lina alama za tindo.”

“Ni la kusagia, baba. Nyamizi amelisahau humo.”

“Na daraja langu?”

“Liko vilevile kama pichani.”

Mzee akageukia ukutani.

Nyamizi, mkewe Masele, alikuwa mlangoni. “Jiwe langu liko jikoni,” alisema kwa sauti ya chini. “Mwambie baba ukweli. Na dereva naye aambiwe.”

“Lori likishampeleka, nitasema.”

Alhamisi mvua ilinyesha kutwa. Lori lilikuja tupu. Lilipofika tao la katikati, daraja likakatika, lori likatumbukia mtoni. Dereva alitoka kupitia dirishani, akaogelea hadi ng'ambo alikotoka. Siku nne mto haukuvukika. Siku ya tatu Mzee Ndaki alikata roho, jiwe lake mkononi.

Kaburi lilihitaji mawe, fisi wasije wakalifukua. Masele alifungua magunia ambayo hayakuwahi kupimwa, akayatoa mawe moja moja, akayapanga juu ya baba yake. Hakuna aliyemsaidia.

Kutoka kitandani hadi kaburini zilikuwa hatua arobaini tu. Njia ya mwongo ni fupi.