Macho Meupe ya Tusekile

Doa la picha hufutwa, la mwili husemwa. Mmemsikia fundi cherehani akimwambia hivyo yule mama aliyekuwa akimpima gauni, aliyenuna kwa kuambiwa ana uvimbe shingoni. Mkacheka, kisha mkauliza picha na shingo ya mtu vinahusiana wapi. Kaeni basi, niwape chanzo chake. Maneno hayo si ya kale, na aliyeyasema kwanza hakuwa mshairi wala mzee wa busara. Alikuwa muuza mchele wa Mbeya, na aliyeambiwa alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Mdogo mtu aliitwa Ambakisye. Alikuwa na studio ya picha Mwanjelwa, na sifa yake haikuwa ya ufundi peke yake. Wapiga picha wengine walikuwa na midomo: mama, inua kidevu, hiyo shingo imejikunja; bwana, jino hilo tulifiche. Ambakisye hakumwambia mtu kasoro yake hata siku moja. Chunusi, kovu, jicho la makengeza, vyote aliviona, akanyamaza. Mteja akishaondoka, aliketi mbele ya kompyuta akavifuta taratibu. Watu walirudi kuchukua picha zao, wakajitazama na kusema, kumbe mimi mzuri hivi. Ndiyo maana nusu ya maharusi wa mji ule walikuwa wateja wake.

Adabu hiyo alifundishwa na dada yake, Tusekile. Wazazi wao walifariki Ambakisye akiwa bado mdogo, na Tusekile, naye msichana tu, akaacha shule akamlea kwa kuuza mchele wa Kyela sokoni. Siku moja mtoto alimcheka mteja mwenye makengeza. Tusekile alisubiri mteja aondoke, akamfinya sikio na kumwambia kwamba mwenye kasoro anaijua, yeye asimkumbushe. Ambakisye alikua na neno hilo kama wengine wanavyokua na sala.

Studio iliposhika, akaagiza kamera aliyoiota tangu ujana. Ni ile kubwa ya kidijitali, ambayo sehemu yake ya ndani inayopokea picha ni pana kuliko ya kamera za kawaida, hivyo hunasa mpaka unywele mmoja wa nyusi. Akanunua na taa zake: moja kubwa ya kufunikwa kitambaa cheupe ili mwanga uwe laini, na mbili za pembeni. Vijana wa mjini wanaopenda picha walikuja kuishika tu, kisha wakaenda zao wakiguna. Alipoulizwa ina ajabu gani, alijibu kwa majivuno kidogo kwamba kamera hii haifichi kitu.

Uso wa kwanza aliotaka kuupiga ulikuwa wa dada yake. Ilikuwa juma la Pasaka. Tusekile alikuja na gauni lake la kwaya lenye kola nyeupe, akilalamika kwamba amechoka na kwamba uso wa muuza mchele hauhitaji taa tatu. Mdogo wake akamtania kwamba uso wenyewe mkubwa, moja isingetosha. Tusekile akacheka, na picha ikatoka.

Dada alipoondoka, Ambakisye aliikuza picha kwenye kompyuta mpaka jicho likajaa kioo kizima. Weupe wa jicho haukuwa mweupe. Ulikuwa na umanjano mwepesi, kama shuka jeupe lililofuliwa pamoja na la rangi. Kwanza akaishitaki taa. Akabadilisha balbu, akaketi yeye mwenyewe kwenye kiti kilekile na kujipiga. Macho yake yakatoka meupe. Akarudi kuitazama kola ya dada yake, ikawa nyeupe pepepe. Taa hazikuwa na kosa.

Moyo ulimwambia ampigie simu. Aliishika, akaiweka. Angeanzaje? Angemwambiaje mtu aliyemlea, aliyemfinya sikio kwa jambo kama hilohilo, kwamba macho yake yamebadilika rangi? Akajiambia ni uchovu, ni moshi wa jikoni. Na mkono, ambao ulishazoea kazi yake, ukaanza kusafisha. Alipomaliza, macho ya Tusekile yaling'aa kama ya bibi harusi. Picha ikachapwa kubwa, ikatiwa fremu, ikatundikwa sebuleni kwa dada yake, na majirani wakaja kuisifu.

Baridi ya Juni ilipoingia, Tusekile alikuwa amekonda na mwili unamwasha. Alimeza dawa za malaria, akameza na za minyoo. Kila mtu alipoanza kuona umanjano, hata kwa taa hafifu ya sebuleni, mumewe, Mwasomola, akampeleka hospitali. Walikuta uvimbe kwenye njia ya nyongo, na ulikuwa umeshasambaa. Daktari akauliza macho yalianza lini kubadilika. Mwasomola akaapa kwamba Pasaka yalikuwa meupe, akatoa simu na kumwonyesha ile picha. Daktari akaitazama, akasema basi ugonjwa huu umekwenda mbio mno.

Ambakisye alikuwa amesimama ukutani. Akasogea mbele, akasema.

“Hayo macho niliyasafisha mimi, daktari. Pasaka yalikuwa tayari ya manjano.”

Daktari hakumfokea, na afadhali angemfokea. Alieleza tu kwamba uvimbe wa namna hiyo ukikutwa mapema, wakati bado macho peke yake ndiyo yanayosema, pengine hukatwa na mtu akaishi. Sasa kilichobaki kilikuwa kumpunguzia maumivu. Mwasomola alimtazama shemeji yake kama mtu asiyemjua, akatoka nje. Daktari naye akawaachia nafasi, wakabaki ndugu wawili.

“Kwa hiyo uliyaona,” Tusekile akasema.

“Niliyaona, dada.”

“Na mimi niliyaona. Kwenye kioo cha bafuni. Nikatoka, nikaenda kuitazama picha yako. Ulisema kamera ile haifichi kitu. Nikasema basi kioo changu ndicho kibovu.”

Ambakisye alipiga magoti pale kando ya kitanda akalia bila kujizuia. Alisema aliogopa kumkumbusha kasoro yake, kwa sababu dada mwenyewe ndiye aliyemkataza. Tusekile akamwekea mkono kichwani, kama alivyokuwa akimfanyia utotoni.

“Nilikufundisha nusu,” akasema. “Nilikwambia mwenye kasoro anaijua. Ipo asiyoijua. Shika na nusu hii nyingine, mdogo wangu, maana sitapata muda wa kuirudia. Doa la picha hufutwa. La mwili husemwa.”

Hakumaliza msimu ule wa baridi. Wanakwaya wenzake walitaka picha ya sebuleni iwekwe juu ya jeneza, maana ilikuwa nzuri. Ambakisye akakataa. Alikuwa hajaifuta ile ya asili, akaichapa ilivyo, na Tusekile akazikwa akiwatazama waombolezaji kwa macho ya manjano juu ya kola nyeupe. Watu walinong'ona. Mwasomola, ambaye hakuwa amemsemesha tangu hospitali, akamwendea.

“Mbona safari hii hukuyasafisha?”

“Dada alinikataza,” Ambakisye akajibu, akamweleza maneno ya mwisho aliyoambiwa.

Mwasomola alilisogelea jeneza. Aliinyoosha fremu iliyokuwa imekaa upande, akabaki amesimama karibu na shemeji yake mpaka jeneza likanyanyuliwa. Wanakwaya walikuwa wamesikia, na kesho yake maneno yale yalikuwa sokoni.

Ambakisye bado ana studio. Chunusi anafuta, makovu anafuta, na mdomo wake ni mpole kama zamani. Lakini akikuza picha akaona asichokielewa, huzima taa, humpigia mteja simu arudi, hukaa kando yake na kumwambia kwa sauti ya chini. Wapo wanaonuna. Wapo walioondoka wakaacha na picha zao.

Huyu mama wa leo naye atanuna mpaka achoke. Ila ninyi mlikuwa mnacheka, hamkumwangalia alipoinuka. Alikuwa amejishika shingo, na njia aliyoshika si ya nyumbani kwake, ni ya zahanati. Doa la picha hufutwa, la mwili husemwa.