Kemshafti ya Gregory

Mwewe hupaa mpaka akaonekana kama nukta, naye kanga huruka kimo cha mtu na kutua kichakani. Kila mmoja hupata riziki yake, na hakuna aliyewahi kumsikia kanga akilalamika. Ni sisi binadamu tunaoutazama ubawa wa mwenzetu, tukautamani, na tukishaupata tunashangaa kwa nini hatupai. Wazee waliosema kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake walitaka mtu atende kwa kadiri ya uwezo na haja yake, asijipime kwa kipimo cha jirani. Mihayo aliijua methali hiyo tangu utotoni, na aliwahi hata kuitia katika wimbo. Lakini kuijua methali si kuifuata.

Mihayo alikuwa ningi, yaani kiongozi na mtunzi wa nyimbo wa kikundi cha ngoma, katika kijiji kimoja karibu na Runzewe. Wasukuma waliohamia huko walikuwa wameleta mbina zao, yaani ngoma za mashindano. Pamba ikishavunwa, vikundi viwili hucheza siku moja katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji huenda wanakopenda. Hakuna mwamuzi wala alama. Anayezungukwa na watu wengi jua likielekea kuzama ndiye mshindi, na anayebaki na watoto na mbwa huyo ameshindwa. Kwa sababu hiyo kila ningi hubuni kioja cha kuvuta watu. Mpinzani wake, mzee Maganga, alicheza na chatu shingoni, naye Mihayo alicheza na pikipiki.

Ilikuwa pikipiki kubwa ya Kiingereza yenye silinda mbili, iliyoachwa na mzungu mmoja mgodi wa Geita ulipofungwa. Mihayo aliiendesha polepole kati ya wachezaji, ikifuata mdundo wa ngoma, huku mkewe Zipora amesimama nyuma yake juu ya kibao, akiimba kwa sauti iliyofika hadi ng'ambo ya mto. Watu walipenda sana mchezo huo. Ila mwaka uliopita injini ilikuwa imechoka. Ilizama katika mchanga wa uwanjani, wachezaji wakaisukuma kama mkokoteni, na watazamaji wote wakaenda kumtazama chatu. Baada ya aibu ile vijana wa kikundi walimwambia Mihayo waziwazi kwamba wakishindwa tena watahamia kwa Maganga. Ningi asiye na wachezaji ni mtu anayejiimbia shambani, na hilo Mihayo aliliogopa kuliko njaa.

Basi mwaka ule wa sabini na tano, kabla ya Sabasaba, aliipeleka pikipiki kwa Gelasius, fundi aliyejifunzia kazi misheni Ushirombo. Gelasius aliifungua injini yote. Silinda zilipelekwa Mwanza, matundu yake yakachongwa na kupanuliwa, zikapata pistoni kubwa kuliko za awali. Kilichobaki kilikuwa kuchagua kemshafti, ule mhimili wenye vinundu ambao ukizunguka hufungua na kufunga valvu, milango ya hewa ya injini, kwani ule wa zamani ulikuwa umelika. Gelasius alikuwa amepata nyingine katika pikipiki ya mapadri, iliyowahi kufungwa kigari cha pembeni cha kubebea wagonjwa. Vinundu vyake vilikuwa vya wastani, laini kama punje za maharage.

Lakini Mihayo alifika karakanani na kemshafti yake ameifunga katika kanga.

"Hii nimepewa na Gregory wa Geita," alisema akiifungua kwa madaha. "Ni ya mashindano ya Nairobi. Pikipiki yake ina ndugu ya hii. Umeiona inavyopita?"

Nani asiyeiona? Gregory alikuwa na pikipiki ya namna ileile, na alipopita barabarani kwenda Mwanza wanawake waliacha kupepeta na wanaume waliacha bao, wote wakakimbilia kando ya njia kutazama vumbi. Mihayo alikuwa amewaona watu hao kwa macho yake. Akasema moyoni, kama Gregory anavuta watu bila ngoma, mimi mwenye ngoma nitawavuta wangapi?

Gelasius aliipokea, akapitisha kidole gumba juu ya vinundu. Vilikuwa virefu na vipana.

"Baba Justa, hii ni nzuri," alisema. "Ila ni nzuri kwa Gregory. Vinundu hivi vinachelewa kuufunga mlango wa hewa. Injini ikienda mbio, hewa inaingia kwa nguvu, mlango ukichelewa si kitu. Ikienda polepole, ile iliyoingia inarudi ilikotoka. Haitashika sailensa, ule mngurumo wa polepole, itakuzimikia. Na wewe unataka kwenda mwendo wa ngoma."

"Pistoni umeniwekea kubwa, na kemshafti niwekee kubwa."

"Pistoni kubwa zinakusaidia mchangani. Hii ya mapadri nayo itakusaidia mchangani. Yako itakusaidia ukifika mbio za Gregory, na uwanja wetu hauna nafasi hiyo."

"Gelasius, wewe ni fundi, mimi ni ningi. Mambo ya kuvuta watu niachie mimi."

Mali ni ya mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amekwisha kuamua. Fundi aliifunga kemshafti ya Gregory ndani ya injini, na ile ya mapadri akaipaka mafuta, akaiviringisha katika gunia.

"Angalau ijaribuni na ngoma kabla ya siku yenyewe," alisema.

Hilo halikuwezekana, na hapa ndipo Mihayo alipojimaliza. Kioja cha mbina ni siri. Kikionekana kabla ya siku yake, mpinzani hubuni cha kukizima, na dawa ya mvuto, ile waiitayo samba, huharibika. Kwa hiyo Mihayo aliijaribu pikipiki mbali, katika barabara ya kwenda Nkome ambako hakuna aliyemjua. Huko aliiachia mpaka machozi yakamtoka kwa upepo. Ilinguruma kama ng'ombe dume aliyeona mwenzake, na wachuuzi wa dagaa walisimama na matenga yao kichwani kumshangaa. Alirudi amejaa furaha, akaifungia ghalani chini ya marobota ya pamba. Hakuipeleka mwendo wa ngoma hata mara moja.

Jumamosi ilipofika, siku ya kwanza ya mbina, uwanja ulifurika. Maganga alianza upande wa mashariki na chatu wake, na watu wengi walikuwa wamemzunguka. Mara ukasikika mngurumo. Mihayo aliingia kwa kasi kutoka barabarani, kofia ya manyoya kichwani, na Zipora nyuma yake. Watu walimwacha chatu, wakamkimbilia. Mihayo aliona mawimbi ya watu yanakuja, na moyo wake ukajaa.

Kisha Ngassa, mpiga ngoma wao, akaanzisha mdundo, na Mihayo akapunguza mwendo ili aufuate. Injini ikatikisika, ikakohoa, ikazima. Akapiga kiki, ikawaka. Alipoachia klachi polepole ikazima tena. Safari ya tatu alipiga resi ili isizime, nayo ikaruka mbele kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Wachezaji wakatawanyika, na Zipora akaanguka juu ya mchanga, goti likachubuka. Akainuka, akajipangusa, akaendelea kuimba, maana ndivyo alivyokuwa. Lakini wimbo usiosikika kwa kicheko cha watu haumvuti mtu. Mmoja mmoja, kisha kwa makundi, walirudi kwa chatu. Jua lilipoinama Mihayo alikuwa amezungukwa na watoto, na miongoni mwao alikuwamo bintiye Justa, ambaye hakuwa na budi.

Vijana watatu hawakungoja. Jioni ileile walikwenda kula kwa Maganga. Mihayo alibaki ameketi kwenye kinu kilichopinduliwa, na aibu aliyoisikia ilikuwa nzito kiasi kwamba alishindwa kuwatazama waliobaki.

"Bado kuna Jumatatu, Sabasaba yenyewe," Zipora alimwambia, akijikanda goti kwa maji ya moto. "Nenda kwa Gelasius."

"Nitamwambia nini, Mama Justa? Alinionya."

"Mwambie hivyo hivyo, kwamba alikuonya."

Jumapili, misa ilipokwisha, Gelasius alimkuta Mihayo mlangoni mwa karakana, kofia mkononi, na Zipora kando yake. Mihayo akasema maneno yale kama alivyoelekezwa. Fundi hakumcheka.

"Na mimi nina langu," alisema. "Nilijua, na bado nikaifunga. Njoo tuiteremshe injini."

Walifanya kazi mpaka alasiri. Kemshafti ya mapadri ilipokwisha kukaa mahali pake na injini kurudishwa, Gelasius alifuta mikono, akasema, "Sasa mwiteni mpiga ngoma."

Mihayo alisita. "Kioja chetu kitajulikana."

"Kipi?" Zipora aliuliza. "Kile ambacho jana uwanja mzima ulikicheka?"

Ngassa akaitwa. Alipiga mdundo wa polepole kabisa, ule wa kuwaingiza wachezaji. Gelasius aliwasha injini, akapunguza mafuta, ikatulia, ikaguguma chini kwa chini bila kuzima. Mihayo akaachia klachi, pikipiki ikaenda mwendo wa mwanamke aliyejitwika mtungi. Barabarani haikuwa na haraka tena, na Mihayo alipojaribu kuikimbiza iliishia nusu ya mbio za Gregory. Alisikitika kidogo kwa hilo, tusifiche. Ladha ya barabara ya Nkome ilikuwa bado mdomoni mwake.

Siku ya Sabasaba, Maganga alianza na watu wengi kuliko Jumamosi, na vijana watatu walioasi walikuwa wakimchezea. Mihayo hakuingia kwa mngurumo. Aliingia nyuma ya wachezaji wake, taratibu, injini ikiitikia ngoma. Mwanzoni waliogeuka walikuwa wale waliotaka kucheka. Wakamwona Zipora amesimama juu ya kibao, mikono ameinua, hashiki kitu, na pikipiki inakata mchanga ule ule uliowashinda mwaka jana bila kuyumba. Ngassa alibadili mdundo, Mihayo akabadili mwendo. Ngoma iliponyamaza, pikipiki ilisimama kidogo mahali pamoja, ikiguguma, na Zipora akaimba juu ya mgugumo ule kana kwamba ni ngoma nyingine. Waliokuja kucheka wakaanza kupiga makofi. Kisha wakawaita wenzao.

Jua lilipokaribia kuzama, upande wa mashariki alibaki Maganga, chatu wake, watoto, na mbwa wawili. Wale vijana watatu hawakurudi kwa Mihayo hata baada ya hapo. Huenda waliona haya, na nafasi zao katika mstari zilibaki wazi msimu mzima. Lakini wengine wote walikuwepo, na hakuna aliyetaja tena habari ya kuhama.

Maganga alikuwa mtu mzima asiyeweka kinyongo. Alikuja na chatu wake amejizungusha begani, akaizunguka pikipiki mara mbili, akaitazama injini kwa makini.

"Shikamoo, mzee," Mihayo alimsalimu.

"Marahaba, ningi. Leo umeninyang'anya watu mchana kweupe." Akainama karibu na injini. "Nasikia mna chuma mmekitia humu ndani. Nitajie jina lake, na mimi nikakitafute. Mwaka kesho nami nitakuja na pikipiki."

Mihayo alimtazama yule chatu mnene aliyekuwa akimwondolea watu kila mwaka bila kelele, bila petroli na bila spana. Akacheka mpaka Zipora akageuka.

"Mzee wangu," alisema, "jina lake nitakutajia, lakini usikitafute. Mimi nilitafuta cha Gregory, na umeona kilichonipata. Wewe baki na chatu wako."

Naam, kila ndege huruka kwa ubawa wake.